Sensa Imeleta Kodi: Wito kwa Wanakiswahili Waingie Gereji

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Hawakunena kuwa kila wingu huleta mvua, wala hawakumshauri aonaye wingu aanze kuezua paa la nyumba yake. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi tangu siku nilipomsindikiza mjomba wangu kwenye gereji moja mjini Karatina. Mjomba hulima kabichi na viazi, na riziki yake yote hupita nyuma ya pikapu ya Kijapani aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Asubuhi hiyo taa ya manjano yenye umbo la injini ilikuwa imewaka kwenye dashibodi, na gari lilikuwa likisitasita kila lilipopanda mlima.

Fundi, kijana mwenye adabu aliyetoka magharibi mwa nchi na kwa hiyo akazungumza nasi kwa Kiswahili, alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasubiri kidogo, kisha akatoa uamuzi: “Mzee, sensa imeleta kodi. Tuitoe tuweke nyingine.”

Mjomba alinigeukia, akaninong'oneza: “Sensa si ilipita mwaka 2019? Na kodi hii ni ya serikali gani tena?”

Nilicheka. Sikucheka kwa muda mrefu. Mjomba alilipa shilingi 9,500 za kihisi kipya cha oksijeni, na siku ya nne taa ikawaka tena. Fundi wa pili, huku Nyeri mjini, hakuanza na kifaa. Alifungua boneti, akaiacha injini ingurume, akasikiliza, kisha akapitisha vidole kwenye mpira unaopeleka hewa ndani ya injini. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Ukarabati uligharimu shilingi 600. Kihisi cha zamani, ambacho kilikuwa kimekwisha kutupwa, hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa kimesema kweli, nacho kikaadhibiwa kwa kusema kweli.

Mjumbe hauawi, husema Waswahili. Katika gereji zetu mjumbe huuawa kila siku, na mwenye gari hulipia mazishi.

Makala haya yana madai mawili. La kwanza ni kwamba msimbo wa hitilafu unaotolewa na gari ni ushahidi, si hukumu, na ni lazima usomwe hivyo. La pili linatuhusu sisi wanakiswahili moja kwa moja: sehemu ya hasara ile ya shilingi 9,500 ilitokana na lugha. Mjomba hakuweza kuuliza swali kwa sababu hakuna aliyempa maneno ya kuulizia.

Tuanze na chombo chenyewe. Gari la kisasa lina tarakilishi inayopokea habari kutoka kwa vihisi vingi: cha joto la maji, cha wingi wa hewa, cha oksijeni kwenye bomba la moshi, cha mwendo wa magurudumu na vinginevyo. Habari zikipita mipaka iliyowekwa, tarakilishi huhifadhi msimbo na huwasha taa. Chimbuko la utaratibu huu ni sheria za kulinda hewa. Jimbo la California nchini Marekani liliwataka watengenezaji waanze kuweka mfumo wa namna hii katika magari ya mwaka 1988. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani yote ilidai mfumo mmoja wenye tundu la aina moja la pini 16 na misimbo inayofanana. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane, magari mengi yanayoletwa sasa kutoka Japani na kuishia Othaya, Mukurwe-ini, Kerugoya au Nanyuki yana tundu hilo.

Mafundi wa makamo watakumbuka ustadi uliotangulia. Katika Toyota nyingi za miaka ya mwanzo ya 1990, fundi aliunganisha kwa kipande cha waya vituo viwili vilivyoandikwa TE1 na E1, kisha akahesabu jinsi taa inavyopepesa. Mapepeso mawili, kimya kifupi, mapepeso mawili tena: hiyo ni 22, yaani mkondo wa kihisi cha joto la maji. Fundi huyo alikuwa msomaji kwa maana kamili ya neno hilo.

Msimbo wa siku hizi nao una sarufi yake, na sarufi hiyo si ngumu kuliko ngeli za nomino. Huanza kwa herufi: P huhusu injini na gia, C huhusu breki, usukani na vyombo vya chini, B huhusu bodi pamoja na mifuko ya hewa, na U huhusu mawasiliano baina ya tarakilishi za gari. Tarakimu ya kwanza, aghalabu, ikiwa 0 msimbo ni wa wote. Ikiwa 1 ni wa mtengenezaji husika. Katika misimbo ya P iliyo ya wote, tarakimu inayofuata hutaja mfumo: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni kuwaka kwa cheche, 4 ni vyombo vya kupunguza moshi mchafu, 5 ni mwendo na ngurumo ya injini likiwa limesimama, 6 ni tarakilishi yenyewe, 7 na 8 ni gia. Kwa hiyo P0301 hutueleza kuwa silinda ya kwanza haiwaki sawasawa. Haituelezi ni kwa nini.

Hapo ndipo makosa huanzia. Pikapu ya mjomba ilikuwa imetoa P0171. Maana yake ni kwamba moshi umeonekana kuwa na oksijeni nyingi kupita kiasi, na tarakilishi imeongeza mafuta hadi kikomo bila ya kufaulu kurekebisha mizani. Sababu zaweza kuwa hewa inayoingia kwa njia ya panya kupitia mpira uliopasuka, kipima hewa kilichochafuka, pampu ya mafuta iliyochoka, chujio lililoziba, au tundu kwenye bomba la moshi. Kihisi cha oksijeni chenyewe huwa na kosa mara chache tu. Fundi aliyesikia “oksijeni” akanunua kihisi cha oksijeni alifanya kosa ambalo sisi wa fasihi tunalijua vizuri: alinyofoa neno moja kutoka katika matini, akalihakiki nje ya muktadha wake.

Mifano mingine ipo. P0118 husema kuwa umeme unaotoka kwenye mkondo wa kihisi cha joto la maji umepanda mno. Tarakilishi hudhani kwamba injini ina baridi kuliko barafu ya kilele cha Kirinyaga, ilhali maji yanakaribia kuchemka. Mara nyingi kilichotokea ni waya kukatika au kiunganishi kuchomoka. Fundi mwangalifu hupima waya kabla ya kununua kihisi. Kwa P0301 hahitaji kununua chochote ili aanze uchunguzi: katika gari ambalo kila silinda ina koili yake, huhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili. Msimbo ukigeuka kuwa P0302, koili ndiyo mkosaji. Ukibaki P0301, ataendelea na plagi, kisha mengine. Dakika kumi za kufikiri huokoa maelfu ya shilingi. Aidha, gari likitoa misimbo minane kwa pamoja, yenye kuhusu mambo yasiyohusiana, busara ni kupima betri, altaneta na waya wa ethi kwanza, kwa maana umeme dhaifu huwafanya mashahidi wote waweweseke.

Mji wa Nyeri una somo lake la pekee ambalo vitabu vilivyoandikwa kwingine hulipita kwa haraka. Tupo karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki ni juu zaidi. Kando ya bahari, kule Mombasa, kihisi cha kanieneo ya hewa husoma kilopaskali 101 hivi injini ikiwa haijawashwa. Hapa Nyeri kihisi kizima kabisa husoma takribani 82. Fundi anayelinganisha 82 yake na 101 ya kitabuni, asijue kitabu kilikuwa kimesimama wapi, atakihukumu kihisi kisicho na hatia. Tarakimu nazo zina kwao. Asiyejua kwao tarakimu hawezi kuzifasiri.

Ipo pia tabia ya kufuta msimbo. Mwenye gari analalamikia taa, fundi anabonyeza kitufe, taa inazimika, pesa zinabadilishana mikono. Pamoja na msimbo, habari nyingine hufutika: tarakilishi huwa imehifadhi hali ya gari katika dakika ile hitilafu ilipotokea, yaani mwendo, joto, na uzito wa kazi ya injini. Kufuta kabla ya kuandika ni kuchoma barua kabla ya kuisoma. Wako hata wauzaji wanaong'oa balbu ya taa ya mifuko ya hewa ili mnunuzi asione kitu. Huo si ufundi tena. Ni kumfunga mtu kitambaa machoni na kumkabidhi usukani.

Nasema haya kwa kuwa katika taa hizi kuna zaidi ya pesa. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka gari likipanda kutoka Sagana kuelekea Karatina, dereva hana budi kuegesha na kuzima injini mara moja. Akisonga mbele ataiua injini njiani. Taa ya manjano ya injini ikiwaka kwa utulivu, aghalabu ataweza kufika gereji kwa mwendo wa pole. Taa hiyo hiyo ikipepesa, kuna silinda isiyowaka na mafuta mabichi yanaunguza kisafisha moshi, hivyo apunguze mwendo na atafute mahali pa kusimama. Taa nyekundu ya breki ikikataa kuzimika hata baada ya breki ya mkono kuachiliwa, si ya kubahatisha nayo kwenye miteremko yetu. Haya ni maarifa ya uhai. Je, dereva wa matatu ya Chuka, au mama anayepeleka maziwa mjini kwa gari dogo, atayapata wapi kwa lugha aielewayo?

Ndipo nirejee kwa wanakiswahili wenzangu. Vifaa vya kusomea misimbo vimekuwa rahisi kiasi kwamba kijana aweza kukiunganisha kimoja na simu yake ya rununu. Lakini kifaa huandika kwa Kiingereza cha kihandisi, kilichofupishwa hadi kikakauka. Fundi hukisoma kwa makisio. Akimhudumia Mkikuyu mwenzake, humweleza kwa Kikuyu kilichochanganywa na vipande vya Kiingereza hicho. Akiwa Nanyuki, ambako mteja aweza kuwa Mmeru, Msamburu, Msomali au Mturkana, Kiswahili ndicho daraja pekee. Na daraja hilo lina mbao zilizokosekana katikati.

Tazama maneno mawili yaliyomchanganya mjomba. Mafundi walikopa “sensa” na “kodi” kama walivyokopa gia, breki, plagi, betri na spana. Sitawalaumu, kamusi zetu ziliyapokea maneno hayo ya awali kwa mikono miwili. Tofauti ni kwamba maneno haya mawili yalikuta viti vimekwisha kukaliwa. Sensa ni kuhesabu watu, na kodi ni malipo ya serikali au ya nyumba. Kiswahili sanifu kina “kihisi” na “msimbo”, maneno yanayojieleza: kihisi huhisi, nacho kikihisi jambo huleta habari. Lau fundi angalisema, “Mzee, kihisi kimeleta habari kwamba hewa imezidi mafuta,” mjomba, ambaye hajasoma uhandisi, angaliuliza papo hapo: “Hiyo hewa inaingilia wapi?” Swali hilo moja lingaliokoa shilingi 9,500. Huo ndio mtihani ninaoupendekeza kwa kila istilahi tunayoibuni: je, inamwezesha mtu wa kawaida kuuliza swali linalofuata?

Najua wapo watakaopinga. Watasema kwamba ufundi ni wa Kiingereza, na vitabu vya magari havitatafsiriwa kesho. Ni kweli havitatafsiriwa kesho. Hata hivyo, mteja hahitaji kitabu kizima. Anahitaji sentensi tatu za kweli. Wengine watasema kwamba istilahi hubuniwa na vyombo rasmi, na kwamba mwanafunzi hana mamlaka hayo. Nawakumbusha kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi ile ni ya kuheshimiwa. Lakini istilahi isiyofika mahali pa kazi hubaki kabatini, na njia ya kutoka kabatini hadi gereji haina gari la kuisafirisha isipokuwa watu wenye miguu kama sisi. Kuna na pingamizi la tatu, lililo zito zaidi: huenda fundi mwenyewe hataki mteja aelewe. Wapo wa aina hiyo. Ila niliokaa nao, walio wengi, hawakuficha maana, hawakuwa nayo. Walifunzwa kazi kwa kutazama, wakanunua kifaa kwa akiba yao, na hakuna aliyewafafanulia kinasema nini.

Sheria nayo iko upande wetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, utaona kwamba habari iliyotolewa kwa lugha asiyoielewa mteja ni haki iliyotolewa nusu.

Basi nini kifanyike? Sipendekezi kongamano. Napendekeza karatasi moja. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika eneo hili vishirikiane na wanafunzi wa uhandisi wa magari, ambao Nyeri inao katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na katika vyuo vya ufundi, pamoja na mafundi wa jua kali wenyewe. Wachague misimbo arobaini inayoonekana mara nyingi katika gereji za hapa. Kwa kila msimbo waandike kwa Kiswahili mambo manne tu: tarakilishi imeona nini, nini chaweza kusababisha hali hiyo, kipi kipimwe kwanza kabla ya kununua chochote, na je, gari liendeshwe au lisimamishwe. Mafundi wasiwe watoa data tu, wawe waandishi wenza. Pale neno la gereji linapoeleweka na halimchanganyi mtu, libaki. Pale linapomchanganya, tulete letu, tulijaribu kwa mteja wa kwanza atakayeingia mlangoni, na likishindwa tulitupe bila ya kinyongo. Karatasi ikikamilika ibandikwe ukutani, mahali mteja anapoketi kusubiri.

Mwenye gari naye ana wajibu. Kabla ya kutoa pesa na aulize: msimbo ni upi, uandike, umepima nini hadi ukajua ni kifaa hiki, na je, utanirudishia kile cha zamani? Kuuliza si ujinga, na fundi aliyepima hakasiriki akiulizwa.

Sisi wa fasihi hufunzwa kwa miaka mingi kwamba maana haikai juu ya neno kama vumbi juu ya meza. Hutafutwa kwa kulinganisha, kwa kujua aliyesema, aliposemea na alichokuwa akikiona. Ujuzi huo tunautumia kwenye tenzi na riwaya, na ni vyema. Lakini kila siku, kuanzia Embu hadi Nanyuki, matini fupi za herufi moja na tarakimu nne zinasomwa vibaya, na wanaolipia usomaji huo mbaya ni wakulima na madereva ambao karo zetu zimetoka mifukoni mwao. Mjomba wangu ni mmoja wao. Alinilipia muhula mzima wa shahada ya kwanza kwa kabichi. Siku ile gerejini, alipoguswa na lugha ninayoisomea, alinigeukia mimi anitegemee, nami nikacheka.

Sitaki kucheka tena. Nimekwisha kuanza orodha. Ina misimbo kumi na mmoja. Aliye tayari kuongeza wa kumi na mbili, na tukutane gereji.